Mwaka Nilioonja Sufuria za Hajati

Shangazi yangu alipokufa, Rajabu mwanawe hakunipigia simu ili nikalie. Alitaka kujua kama nitakula. Miaka yote niliyofanya kazi Doha hakuwahi kunipigia hata kuuliza kama kuna joto, na siku hiyo alinikuta jikoni kwangu hapa Arua, katika mkahawa wangu wenye vigae sakafuni, na diploma yangu ya upishi ikiwa ukutani juu ya kaunta, mahali ambapo hakuna mteja anayeweza kutoka bila kuiona. "Asina, mama amekwenda. Tumezika leo," akasema. Nikasema maneno ya kumwombea kama inavyopasa. Akaitikia amina. Kisha akasema, "Karama iko kesho kutwa. Wewe utakuja kula, ama utakuja kuangalia tu?" Mgeni angeona swali hilo ni la kijinga, maana karama ni chakula cha kumwombea marehemu, na anayekwenda huko anakwenda kula. Mimi nilielewa mara moja kwamba kuna neno baya linatembea Koboko, mji anakoishi Rajabu, na kwamba linaihusu nyumba yake.

Kwetu, kuanzia Koboko mpaka Arua, anayeleta chakula hukionja yeye kwanza, mgeni akimtazama. Ni tonge moja tu au funda moja, kisha bakuli linasogezwa. Maana yake kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka: sikukutilia kitu. Na anayekataa chakula cha matanga huwa amesema, bila kufungua mdomo, kwamba marehemu hakufa kifo cha Mungu, na kwamba muuaji yuko papo hapo uani. Rajabu alinieleza mengine kwa kuvutavuta. Hajati, maana ndivyo kila mtu alivyomwita shangazi, alikula mboga aliyopikiwa na Furaha, mke wa Rajabu, akalala, na alfajiri hakuamka. Alikuwa kikongwe mwenye presha na miguu iliyovimba kama mihogo, aliyekula mafuta maisha yake yote. Lakini Furaha anatoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, na shemeji yake alikuwa amemwona akitia kitu cheupe kwenye bakuli la mama mkwe wake. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kaa. Watu wasipokula karama atakayoipika, Furaha atarudi kwao siku ileile na watoto atawaacha. "Wewe mtu ya diploma," Rajabu akaniambia. "Ukikula wewe, nani atabisha?" Neno tafadhali halikumjia. Nilicheka, nikakata simu. Kumwomba mtu mwingine aonje kwa niaba yake ni desturi ya nyumba ile, na aliyeonja wa kwanza nilikuwa mimi.

Wazazi wangu na ukoo wangu nitawaacha. Sikupata kitu kwao isipokuwa urefu huu, na vyote vingine nilivyonavyo nimevitafuta mwenyewe, hata Kiswahili hiki ninachoandika, ambacho nilikiokota Doha kwa wapishi wa Mombasa na Tanga huku wenzangu wakilala mchana wa mapumziko. Itoshe kusema kwamba nilikulia kambini upande wa Sudan, watu wetu walipokuwa wamekimbia, na tuliporudi nilikuwa msichana wa kutosha kufanya kazi lakini si wa kutosha kuulizwa ninataka kazi gani. Nilipelekwa Arua kwa shangazi. Alikuwa na hoteli ya chakula nyuma ya uwanja wa malori, banda la mabati lenye meza za mbao ndefu na viti vya benchi, na ubao mlangoni ulioandikwa HAJATI. Hakuwahi kufika Makka. Alifika Mbale mara moja, hapa hapa Uganda. Mchora ubao alimwona mwanamke mnene, jino la dhahabu, mtandio mweupe, akaandika alivyodhani, na shangazi akaona jina limemkaa vizuri. Watu walimwita Hajati mpaka wakamzika nalo, na hakuna sheikh aliyethubutu kuuliza.

Chumba changu kilikuwa stoo. Nililala kati ya magunia ya unga wa muhogo na makreti ya soda matupu, na ukuta uliotenga stoo na ukumbi ulikuwa wa mabati membamba hivi kwamba nilisikia mtu akijikuna upande wa pili. Mpaka leo ninaweza kupita jikoni popote na kukwambia kwa harufu kama unga wa muhogo ulianikwa ukakauka au ulikusanywa na unyevu, na watu hudhani nilifundishwa chuoni. Chumba cha Hajati kilikuwa na kitanda cha chuma, sanduku la bati lenye maua, na ukutani vifuniko vya sahani vya ukili alivyosuka mwenyewe, vyekundu na zambarau, ambavyo hakuruhusu vifunike chakula cha mtu yeyote isipokuwa cha Rajabu. Rajabu alikuwa rika langu. Alikwenda shule, akirudi akaenda kucheza mpira Onduparaka, na jioni akaja na soksi zilizosimama zenyewe kwa matope ambazo zilikuwa zinanisubiri mimi. Sahani yake iliwekwa kando kabla ya wateja, nyama ikiwa chini na ugali juu ili madereva wasione. Mimi nilikula baada ya sufuria kukwanguliwa. Sisemi nilikaa na njaa. Nasema nilikula ukoko, na nikaujua ukoko wa kila aina.

Kosa langu lilitokea mwanzoni kabisa, na nalieleza bila aibu kwa sababu halikuwa langu. Kambini tulikula kwa zamu kutoka chakula cha msaada. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumwonjea mwenzake. Hivyo Hajati aliponituma nimpelekee chakula dereva mmoja aitwaye Sebi, nilibeba bakuli likiwa limefunikwa, nikaliweka mbele yake, nikageuka. Ilikuwa angara, wale samaki wakavu, kwenye simsim ya kusaga, yaani ufuta. Sebi aliangalia bakuli, akaniangalia mimi. "Hii mtoto iko natoka wapi?" akauliza watu wa meza. Mtu akamjibu, "Iko ya Koboko." Mjini Arua watu wa Koboko wana jina la kutia sumu, na Sebi mwenyewe alikuwa wa huko, ndiyo maana alicheka kuliko wote. "Koboko? Basi mimi nimeshiba." Wakacheka, naye kwa sababu wamemtazama akala, akalimaliza, akapanda lori lake. Kabla ya kufika Pakwach tumbo likamshika. Dereva yeyote anayekula vibandani njia nzima na kunywa maji ya jerikeni la injini ana sababu nyingi za kushikwa na tumbo. Yeye alichagua moja. Habari ilirudi Arua na lori lililofuata: kwa Hajati kuna msichana kutoka Koboko, hajui kuonja, mwenyewe ameficha uso.

Nikiwa stoo nikasikia benchi zinavyokuwa tupu. Ni sauti, benchi tupu. Mtu mmoja akikaa upande mmoja, upande wa pili unainuka na kupiga sakafu. Nilimsikia Hajati akiongea na mama mmoja wa Pajulu aliyemletea majani ya kunde kila asubuhi, mwanamke mpole ambaye jina lake sikulishika. "Umurudishe kwao," mama wa Pajulu akasema. "Ama uwaambie watu mtoto iko safi. Wewe wanakusikia." Hajati alikoroga kitu, mwiko ukakwangua. "Nitawaambia kwa maneno? Watu ya Arua iko nakula maneno?" Wakacheka wote wawili. Nilisubiri aseme jingine. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, mikono imejaa sabuni, nikisubiri aseme kwamba mimi ni binti wa kaka yake na kwamba hawezi kunidhania. Hakusema. Aliuliza bei ya nyanya.

Siku ileile mchana alinishika mkono juu ya kiwiko, akanitoa jikoni na kunisimamisha katikati ya ukumbi mbele ya wateja wachache waliobaki. Sufuria zote zilikuwa zimepangwa kwenye meza ndefu, zimefunuliwa. Alinipa kijiko cha bati. "Onja," akasema. Nikaonja maharage. "Sauti haiko? Chumvi iko?" Nikasema iko. "Watu iko nasikia huko nyuma?" Nikasema tena, kwa nguvu, "Iko." Akanisukuma kwenye sufuria ya pili. Nyama, kunde, angara, bamia, hata chai. Kila moja aliuliza kwa sauti ya mnada, na kila moja nikajibu. Mtu mmoja mlangoni akasema, "Ngoja kwanza, tuone kama iko naanguka." Wakaniacha nimesimama pale, wakinitazama kama watu wanaosubiri mtungi uvuje, na Hajati mwenyewe akaketi kwenye benchi, akakunja mikono, akanitazama pamoja nao. Sikuanguka. Baada ya muda mtu akaomba sahani, na mwingine akaomba.

Tangu siku hiyo niliifanya kazi hiyo kila mchana na kila jioni. Ikawa mchezo wa mji. Siku za mpira, mashabiki wa timu ya Onduparaka walijaa mpaka nje, wakagonga meza kwa vikombe na kuuliza kwa pamoja, "Chumvi iko?" na hawakula mpaka nijibu. Sebi alirudi akakaa benchi ya mbele kabisa, akawa ndiye kiongozi wa kuuliza, kana kwamba tumbo lake lilikuwa mchango wake kwenye biashara. Sokoni wanawake waliniita Chumvi Iko. Wanaume waliniita Chumvi Iko kwa namna nyingine, na nilijifunza kubeba kijiko kile cha bati nikitembea, kwa sababu kina ncha. Hakuna aliyejua naitwa Asina. Mara moja tu nilimuuliza shangazi kwa nini Rajabu haonji, kwa kuwa yeye pia ni wa nyumba na ana mdomo. Alikuwa anafunga mtandio wake mbele ya kioo kidogo. "Rajabu iko mtoto yangu," akasema, na kwenye kioo akaniangalia usoni kuhakikisha kwamba nimesikia.

Watu wameniambia, na wanaoniambia hasa ni wale waliokula bure kwake, kwamba Hajati aliniokoa. Kwamba mji ungenifukuza, na yeye akaukata ule uvumi kwa akili kuliko mwanasheria. Najua. Nilijua hata wakati ule, sikuwa mjinga. Lakini mtu anaweza kukutoa mtoni kwa kukuvuta nywele, na nywele zikauma, na una haki ya kukumbuka nywele. Angeweza kuonja pamoja nami, kijiko chake na changu, mara moja tu. Angeweza kusema wakati mmoja, kwa sauti ileile ya mnada, huyu ni damu yangu. Alinunua heshima ya banda lake kwa ulimi wangu. Na ulimi wenyewe, wakisema eti yeye ndiye aliyeufundisha, nawaambia nilizaliwa nao. Yeye aliupa tu mahali pa kusimama kwa aibu. Doha nilikuwa na wapishi wa mataifa chini yangu, na mpishi mkuu alipokuwa na mafua, sufuria zote za karamu zililetwa kwangu. Hakuna aliyegonga meza.

Niliondoka mwaka ulipozunguka, na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anatafuta msichana wa jikoni Kampala. Hajati hakunizuia. Alisimama mlangoni chini ya ubao wake, mwiko mkononi, akaniambia, "Usirudi hapa na njaa." Si maneno ya kwaheri hayo. Nimeyageuza kichwani miaka mingi kutafuta upande wake laini, na sijauona. Basi niliyatii. Nilipiga deki Kampala, nikasoma jioni, nikapata diploma bila mtu wa ukoo hata kununua kalamu, nikapika Juba, nikapika Doha, nikarudi na kujenga Dadamu, nje kidogo ya Arua, nyumba yenye bomba la maji moto. Nilipita Koboko mara chache kumsalimia shangazi alipozeeka na kuhamia kwa Rajabu. Kila mara nilikula kabla ya kufika.

Siku ya karama pia nilikula kabla ya kufika. Niliendesha gari langu mwenyewe, nikaliegesha mahali ambapo lingeonekana, na nikapewa kiti cha plastiki chenye mikono, wakati wanawake wengine wamekaa mikekani. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na mti wa mwarobaini. Nikamwona Rajabu, tumbo limetangulia, bado anatembea kama mtu anayesubiri mpira upigwe kwake. "Dada, umefika," akasema. "Umekuja na njaa?" Nikampita. Chini ya turubai, kati ya wazee, alikuwa Sebi, sasa hana meno ya mbele, fimbo mapajani, na kwa jinsi wengine walivyokuwa wanamgeukia nilijua kwamba ndiye aliyekuwa akisimamia neno la kumrudisha Furaha. Nilikwenda kwanza chumbani kwa Hajati kutoa heshima. Kitanda kilekile cha chuma. Sanduku lilelile. Vifuniko vya ukili bado viko ukutani, vimepauka, na sikuwahi kugusa hata kimoja, nikakigusa kimoja.

Jikoni lilikuwa nyuma. Katika karama yoyote jikoni hujaa wanawake, wanabishana, wanakanyagana, mmoja anapika na sita wanasimamia. Hapa Furaha alikuwa peke yake na sufuria kubwa juu ya mafiga, na wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa mbali chini ya ukuta, wakichambua mchele uliokwisha chambuliwa, mgongo kwake lakini macho yakimgeukia. Binti yake mdogo alikuwa amemshika kitenge kwa nyuma na hakukiachia hata mama alipoinama. "Dada Asina," Furaha akasema kwa chini. "Miye sikumufanya kitu. Nilimupa mboga, akaonja, akasema chumvi haiko. Nikaongeza chumvi. Shemeji alikuwa mulangoni, akaona. Ni hiyo tu kitu nyeupe aliona." Nilimwamini mara moja, na si kwa wema. Hakuna mtu aliyemjua Hajati ambaye angeweza kubuni hayo. Kama malaika wamemletea chakula kaburini, tayari amewarudisha jikoni. "Na hao umewaambia?" nikauliza. "Mume wangu alisema ninyamaze, nisiongeze maneno." Alinitazama kwa macho mekundu ya moshi. "Ukikula wewe, watakula. Ni wewe tu." Nikamwambia ukweli, kwamba sikuja pale kumsaidia, kwamba mimi na nyumba hii hatudaiani wema. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemwambia hali ya hewa, na kuinua kifuniko cha sufuria. Kando ya mafiga niliona vitu vyote, vitunguu, mafuta, nyanya, binzari. Sikuona chumvi. Wakati huo sikufikiri lolote juu yake.

Dua ikaisha. Sinia zikaletwa chini ya turubai, wali na nyama, na birika la kunawia likapita. Watu wakanawa. Hapo ndipo mwenye nyumba huinama juu ya sinia la wazee, akachukua tonge lake la kwanza na kusema karibuni. Rajabu alisimama karibu na nguzo akiwa ameshika birika kwa mikono miwili. Akamwaga maji kidogo, yasiyokuwa na mkono wa kuyapokea. Alikuwa anajua kwamba chakula ni kizuri. Amelala na mwanamke yule miaka yote hiyo, amekula mkononi mwake, na bado hakuweza kuinama mbele ya wazee wakamtazama mdomoni. Nilimwangalia nikamwona yule mvulana wa soksi, ambaye sahani yake ilifunikwa kabla dunia haijaamka. Mikono yote ilikuwa imeoshwa na mikono yote ilikuwa magotini, na maji yalikuwa yanakauka juu yake. Wali ukaacha kutoa mvuke. Nyuma, mlangoni mwa jikoni, Furaha alikuwa amesimama na mtoto bado amening'inia kwenye kitenge. Sebi akagonga fimbo chini, polepole. "Mtu ya kuonja iko?" akauliza, na hakuwa anatania. "Ama haiko?"

Nilinyanyuka kutoka kwenye kiti changu chenye mikono. Ningependa kusema nilimfikiria yule mtoto. Nilimfikiria baadaye, njiani. Wakati ule nilikuwa na hasira tu, hasira safi, kumwona Rajabu anashika birika. Nilivua viatu, viatu vyangu vya Doha, nikakanyaga mkeka wa wanaume, nikapiga goti mbele ya sinia, nikala tonge la wali na mchuzi, na kipande cha nyama. Walinitazama kooni. Na hapo mdomoni nikaelewa kwa nini sikuona chumvi jikoni. Hakukuwa na hata chembe. Yule mwanamke alikuwa amepika chakula cha ukoo mzima akichungwa na macho chini ya ukuta, na hakuthubutu kuonekana akitia kitu cheupe ndani ya sufuria.

"Chumvi haiko," nikasema.

Mtu mmoja akarudi nyuma kidogo kwenye mkeka. Nikageuka kuelekea jikoni. "Furaha, leta chumvi. Leta pakiti yote." Hakusogea. Nikasema tena, kwa sauti ya mnada ambayo sikujua kwamba bado ninayo. Akaja, pakiti imebanwa kifuani kama mtu aliyebeba yai, mtoto akimfuata, akasimama ukingoni mwa mkeka. "Tia wewe," nikamwambia. "Dada, wewe utie," akanong'ona. "Miye hapana." Nikasema, "Tia kwa mkono yako, hapa, watu waone. Hivyo hivyo ulimutilia mama." Alirarua pakiti kwa nguvu hata chumvi nyingine ikaangukia magoti ya wazee. Akainyunyiza juu ya sinia lote, nyeupe juu ya nyama, na nikakoroga kwa vidole vyangu, nikachukua tonge kubwa kuliko la kwanza, nikalitafuna kwa utaratibu na kulimeza.

Walingoja. Nilikujua kungoja kule, nikangoja pamoja nao nikiwa nimepiga goti, mwanamke mwenye diploma na mkahawa, mikono imejaa mchuzi. Kisha Sebi akainama mbele. Kitu kilikuwa kimempitia usoni, nikaona amenitambua, si Asina wa gari, bali yule mwingine. Mdomo wake usio na meno ya mbele ukafunguka kidogo. "Chumvi iko?" akauliza.

Nilikuwa nimeapa, kwenye lori la Kampala, kwamba neno lile halitatoka tena kinywani mwangu kwa ajili ya mtu yeyote wa nyumba ile. Nilijua pia kwamba nikilisema, kesho soko zima la Koboko litakuwa limesikia, na keshokutwa la Arua, na watu watakuja mkahawani kwangu, watakaa chini ya diploma yangu na kugonga meza kwa vikombe. Nililisema.

"Iko."

"Watu iko nasikia huko nyuma?" akasema Sebi, na mikeka ikacheka, wale wazee waliomkumbuka marehemu wakacheka mpaka wakakohoa, na mkono wa Sebi ndio uliokuwa wa kwanza kuingia katika sinia. Wengine wakafuata. Wanawake wa chini ya ukuta wakanyanyuka, wakasema wali wa watoto unapoa, wakaenda jikoni kama watu waliokuwa njiani tangu asubuhi, na mara nikasikia wanamkaripia Furaha kwamba sufuria ile ni ndogo na kwamba nyama imekatwa vibaya. Alikuwa anajibu. Walikuwa wanabishana.

Sikula zaidi. Nilinawa, nikavaa viatu, nikaenda kwenye gari. Rajabu alinifuata na bado alikuwa na birika mkononi. Alisimama karibu na mlango wa gari, akautazama usukani, akatazama chini. "Dada," akasema, "mama angekuwa hapa, angefurahi."

Nikawasha injini.

"Mama yako angekuwa hapa," nikamwambia, "angesema chumvi imezidi."